Bi Msasa na kifaru cha rangi ya Liwalo

Saa moja na nusu asubuhi, mwanamke wa miaka sitini na mmoja ameinama mezani, ananusa kifaru.

Anakinusa kama mtu anavyonusa maziwa ya jana. Anaanzia nyuma penye injini, anapanda ubavuni, anamalizia kwenye mdomo wa mzinga. Kisha anajinyoosha, mkono kiunoni, na kutoa hukumu.

"Huku chini bado kidogo. Rangi inayonuka haijakauka, hata ikikudanganya kidoleni."

Kifaru chenyewe ni cha plastiki. Kina urefu wa sentimita sitini ukihesabu na mzinga, na kimeikalia meza ya kulia chakula ya nyumba hii ya vyumba viwili kwa miezi minne na nusu. Kila sentimita moja hapa ni sentimita kumi na sita za kifaru cha kweli, kile cha chuma kinachounguruma. Kilikuja katika boksi kikiwa vipande elfu moja mia mbili na themanini na vinne, baadhi vidogo kuliko punje ya mchele.

"Mwezi wa tano huu nakulia magotini," anasema mdogo wake, fundi cherehani, akipita na kikombe cha chai. "Wenzangu hutekwa na majambazi. Mimi nimetekewa meza na kifaru."

"Pita polepole, usikimwagie."

"Sikia huyo! Nyumba yangu, meza yangu, na sasa chai yangu nayo inapigwa amri."

Wanacheka. Lakini dada mtu haondoi macho mezani. Saa tatu mtunza makumbusho atagonga mlango huu kuja kukagua kazi. Akiikubali rangi hii, atatia saini kadi ya maelezo itakayowekwa mbele ya kifaru ukumbini. Akiikataa, kitapakwa upya kijani, na watu watano watarudi kukohoa kimyakimya kama walivyokohoa miaka yote.

Kwenye gereji anakofanya kazi wanamwita Bi Msasa. Amepiga msasa magari na mashine kwa miaka mingi hata alama za vidole zimefutika. Alipokwenda ofisi ya ustawi wa wafanyakazi wa zamani kuandikisha madai yake, mashine ya kusoma vidole ilimkataa mara nne. Karani akamwambia ajaribu kidole kingine. Akajaribu vyote kumi.

"Nikamwambia, mwanangu, alama zangu ziko kwenye vifaru vyenu. Nendeni mkazisome huko."

Karani alidhani ni utani.

*

Bi Msasa aliingia karakana ya jeshi akiwa na miaka ishirini na miwili, akatoka ana arobaini na mmoja. Hakuwa askari. Alikuwa mmoja wa raia saba walioajiriwa kupaka rangi. Askari walikuwa na sare, makanika walikuwa na ovaroli, na wapaka rangi walikuwa na nguo walizotoka nazo nyumbani.

Barakoa hawakupewa. Walifunga vitambaa puani, na kila Ijumaa walipanga foleni kupokea pakiti ya maziwa ya nusu lita. Maziwa, waliambiwa, huosha kifua. Hakuna aliyewahi kueleza maziwa yanayoshuka tumboni hufikaje kifuani.

Miaka thelathini na miwili iliyopita ikaja amri: vifaru kumi na kimoja vipakwe upya kwa ajili ya gwaride, siku tisa tu. Rangi ya kijani iliyoagizwa haikufika. Wapaka rangi wakamweleza mkuu wa karakana kwamba stoo ina mabaki matupu. Jibu lake Bi Msasa analikumbuka neno kwa neno.

"Alisema, 'Nataka rangi, sitaki hadithi.' Akapanda gari akaenda zake."

Basi wakachanganya walichokuwa nacho. Kijani kilichobaki kwenye makopo, njano ya kuchorea mistari ya barabarani, nyekundu ya kupaka mabati, na tina ya kuyalainisha yote. Walikoroga katika mapipa mawili kwa vipini vya majembe. Kilichotoka hakikuwa kijani wala kahawia. Kilikuwa kama tope lililokumbuka kwamba zamani lilikuwa jani.

Msimamizi wa zamu akauliza hiyo ni rangi gani. Mmoja wao, mwanamume mwembamba aliyezoea kushika ngazi na kupanda kupaka vichwa vya vifaru, akajibu, "Liwalo na liwe, afande."

Ndivyo rangi ilivyopata jina. Ikawa Liwalo. Na yule aliyejibu, kwa ajili ya ngazi yake, anaitwa Ngazi mpaka leo.

Gwaride likapita. Umati ukapiga makofi. Magazeti yakatoa picha nyeusi na nyeupe, kwa hiyo hata huko Liwalo haikuonekana. Aliyetia saini amri aliongezwa cheo mwezi uliofuata. Waliopaka waliongezewa pakiti moja ya maziwa.

Wawili kati ya wale saba wameshakufa, wote kwa kifua. Kati ya watano waliobaki hakuna hata mmoja anayelala usiku mzima bila kuamka kutafuta pumzi. Hali ya Ngazi, mwenye miaka sitini na saba, ndiyo mbaya kuliko zote. Mtu aliyekuwa akipanda vifaru kama paka leo hupumzika mara mbili kwenye ngazi za vidato vinne.

Bi Msasa hulipwa kwa mlango, si kwa siku. Wiki nzuri hupiga rangi milango sita ya magari, wiki mbaya mmoja. Dawa ya kuvuta ya Ngazi, ile ya kichupa cha kubonyeza, humaliza malipo ya mlango mmoja na nusu kila mwezi. Wengine watatu nao huchangia kwa zamu, mwenye mboga bustanini, mwenye kibanda cha kuchaji simu na mwenye meza ya maandazi.

Kuna hospitali inayotibu bure waliougua kwa sababu ya kazi za karakana ile. Kinachotakiwa ni kadi. Miaka sita iliyopita, watano hao waliomba kadi, wakajibiwa kwa barua ya nusu ukurasa ambayo Bi Msasa ameitia kwenye mfuko wa plastiki isichakae. Sentensi yake ya tatu inasema: "Vifaru husika vililetwa vikiwa vimekwisha kupakwa rangi kiwandani, na hakuna kumbukumbu ya wapaka rangi raia."

Daftari la vibarua, waliambiwa, liliharibiwa na maji stoo ilipohamishwa. Madaftari ya posho za maofisa yalikuwa kwenye rafu ileile. Hayo ni mazima. Maji hayo yalikuwa na akili sana. Yalijua kusoma majalada kabla ya kuyalowesha.

Barua ikamaliza kwa kusema kwamba madai yatafikiriwa upya iwapo kutapatikana "uthibitisho wa maandishi kutoka taasisi inayotambulika". Aliyeandika maneno hayo alijua mpiga msasa hana taasisi. Hakujua kwamba ana subira.

*

Mwaka jana mtunza makumbusho ya magari ya kale alipeleka gari lake gereji, mlango umekwaruzwa. Kijana wa heshima, miwani mikubwa, sauti ya mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Alimtazama Bi Msasa akifuta mkwaruzo mpaka haukujulikana ulikuwa wapi, akamuuliza kama anaweza kazi ndogondogo. Makumbusho yalikuwa yamepewa zawadi ya boksi la kifaru cha kuunganisha, na hakuna aliyethubutu kulifungua.

"Kifaru gani?" Bi Msasa akauliza.

Kijana akamwonyesha picha kwenye simu.

Alikijua kabla picha haijatulia. Kilikuwa cha aina ya vile kumi na kimoja vya siku tisa. Akaifunga hasira yake kama mtu afungavyo kisu kwenye leso, akasema tu, "Lete. Nitakitengeneza."

Kazi haikuwa mteremko. Aliyezoea mlango wa lori alijikuta ameshika kibano, anatafuta chini ya kochi bawaba ya upana wa ukucha wa mtoto mchanga. Pingili za mnyororo peke yake zilikuwa mia na themanini, na kila pingili ilitaka kukatwa, kusuguliwa na kuungwa kwa mwenzake kwa tone la gundi la ukubwa wa chozi la sisimizi.

Wiki ya tatu alikosea kosa la fundi magari. Aliona ufa mdogo ubavuni, akauziba kwa puti ya gereji, akasafisha kwa tina. Asubuhi ubavu ulikuwa umelegea kama mshumaa.

"Nilikaa chini nikajitukana matusi yote ninayoyajua," anasema. "Plastiki si bati. Miaka arobaini kwenye kazi, nimeshindwa na kitu ambacho mtoto angekisoma kwenye karatasi ya maelekezo."

Aliukata ubavu mzima, akachonga mwingine kutoka kwenye mabaki ya fremu. Ilimchukua siku kumi na moja. Leo ukiambiwa utafute pale palipoharibika, hupaoni.

Rangi ndiyo iliyomtoa jasho. Kanuni ya Liwalo haikuandikwa popote. Ilibaki machoni mwa watu watano. Bi Msasa alichanganya kidogokidogo kwenye vifuniko vya chupa, akapaka kwenye vipande vya kadi na kuviweka dirishani. Ngazi alikaa nje, upande upepo unakotoka, kwa sababu harufu ya rangi humfunga kifua. Aliangalia kwa mbali na kutoa hukumu.

"Hiyo ni rangi ya suruali ya mwalimu."

Cha pili: "Hiyo imependeza. Yetu haikupendeza."

Cha tano: "Karibu. Ongeza njano. Njano yetu ilikuwa ya wizi, inapiga kelele."

"Haikuwa ya wizi, iliazimwa kutoka kwa watu wa barabara."

"Walirudishiwa lini?"

Kadi ya nane ikawekwa dirishani. Ngazi aliinuka, akaja mpaka karibu kuliko alivyoruhusiwa na daktari, akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akanyoosha kiganja.

"Haya," akasema. "Maziwa yangu yako wapi?"

Wakajua wameipata.

Lakini kuipata rangi ni nusu ya kazi. Liwalo haikupulizwa kwa mashine. Ilipakwa kwa brashi za ukutani za inchi nne, tena kwa haraka. Inchi nne ukizigawa kwa kumi na sita unapata robo inchi. Kwa hiyo Bi Msasa alikiweka kando kibomba chembamba cha kupulizia alichoazimwa na makumbusho, akachukua brashi ya robo inchi, na kukipaka kifaru kizima kwa mapigo mafupi ya mkono wa mtu aliyechoka. Karatasi ya maelekezo inasema kijani laini, bila michirizi. Ameikunja na kuiweka chini ya mguu wa cherehani ya mdogo wake, ule uliokuwa ukiyumba.

*

Saa tatu na dakika tano, mtunza makumbusho anavua viatu mlangoni. Ngazi naye amefika, amekalia kigoda karibu na dirisha lililo wazi.

Kijana anazunguka meza mara tatu. Anainama. Anavua miwani, anaivaa tena.

"Mama, hii kazi ni ya ajabu. Hata nati zinahesabika. Nilikuwa sijui kama… Lakini…"

"Hilo 'lakini' umetoka nalo nyumbani. Litue, mwanangu, lisikuchoshe."

"Ni rangi, mama. Maelekezo yanasema kijani. Kile cha kweli pale getini kwetu ni kijani. Vitabu vyote vinasema kijani."

"Vitabu vimeandikwa na nani?"

"Na wanaojua."

"Waliojua ndio waliotupa maziwa," anasema Ngazi kutoka dirishani.

Bi Msasa anamweleza yote: siku tisa, mapipa mawili, vipini vya majembe. Anamwekea barua mbele yake, ndani ya mfuko wake wa plastiki. Kijana anasoma. Akimaliza, anairudisha kwa mikono miwili.

"Mama, mimi nakuamini. Wallahi nakuamini. Ila mimi ni mwajiriwa. Nikitia saini kitu nisichoweza kukionyesha kwa mkubwa wangu, kesho nakuja kukuomba kazi ya kupiga msasa."

"Nafasi ipo."

"Mama…"

"Kwa hiyo ukionyeshwa, utatia saini?"

Kijana anasita. Fundi cherehani amesimamisha cherehani yake. Ngazi amesimamisha hata kikohozi.

"Nikionyeshwa, nitatia."

"Mbele ya hawa?"

"Mbele ya hawa."

Bi Msasa anafungua droo. Anatoa chupa ya maji, kitambaa, na vipande vinne vya msasa, kuanzia mkali hadi laini. Anajifunga kanga kiunoni.

"Tuchukue gari lako," anasema.

*

Kwenye geti la makumbusho, juu ya jukwaa la saruji, kimesimama kifaru cha kweli, kimoja cha vile kumi na kimoja. Kila mwaka hupakwa kijani kinachong'aa kama embe la plastiki. Wageni hupiga picha mbele yake. Hakuna aliyewahi kupiga picha na aliyekipaka.

"Mama! Hairuhusiwi kugusa!" anaita mlinzi wa geti.

"Niko naye," anasema mtunza.

"Aa, basi aguse."

Wapiga rangi wa magari wana njia yao ya kujua historia ya gari, na haihitaji karatasi. Wanaiita kufungua dirisha. Unapiga msasa na maji mahali pamoja, kwa duara, polepole, katikati ukizama na pembeni ukiinuka. Kila rangi iliyowahi kupakwa hujitokeza kama mviringo, moja ndani ya nyingine, mpaka chuma. Muuza gari anaweza kusema uongo. Dirisha haliwezi.

Bi Msasa alikuwa ameshachagua mahali. Ubavuni kushoto, juu ya bati linalofunika mnyororo, kuna sanduku la spana lililoshikwa kwa boliti mbili. Nyuma yake, alihesabu, jua halijafika na brashi za kila mwaka hazijafika. Kama kuna mahali Liwalo imelala salama, ni hapo. Anamwomba mlinzi alete spana. Wanalisogeza sanduku.

Anamwaga maji. Anaanza.

Kijani kilichokolea. Anaendelea. Kijani kilekile. Kisha nyekundu ya kutu, ile ya kuzuia chuma kisile, kisha chuma kinachong'aa.

Basi. Hakuna Liwalo.

Anafungua dirisha la pili kando yake, bado nyuma ya sanduku. Kijani, nyekundu, chuma. Mkono unasimama. Maji yanamtiririka kiwikoni, naye hayafuti. Miaka thelathini na miwili amekuwa na hakika ya jambo moja duniani, na chuma kinamwambia hapana.

Mtunza anakohoa kidogo, kwa adabu. "Mama, hata mimi nilitamani iwe hivyo. Kweli kabisa."

Hapo ndipo Ngazi anapoanza kucheka.

Anacheka mpaka kicheko kinageuka kikohozi, kikohozi kinamwinamisha, mlinzi anamkimbilia na kiti. Anapopata pumzi, machozi yanamtoka.

"Msasa wee! Umezeeka! Nani alikuwa na muda wa kufungua masanduku? Siku tisa, vifaru kumi na kimoja! Tulizungusha brashi tu, tukaliacha sanduku hapo hapo! Unatafuta rangi mahali ambapo hatukupaka!"

Bi Msasa anajipiga paji la uso kwa kiganja chenye maji.

"Uvivu wetu!"

"Uvivu wetu," Ngazi anakubali, kwa fahari kamili.

Anahamisha mkono, vidole vinne nje ya mpaka wa sanduku. Maji. Msasa. Kijani kinachong'aa kinaondoka. Chini yake kijani kingine, kisha kijivu, kisha kijani tena, miaka inavuliwa kama nguo. Halafu, taratibu, kama mtu anayeitika kwa mbali, linatokea lile tope lililokumbuka kwamba zamani lilikuwa jani.

Bi Msasa anaendelea kuzama. Chini ya Liwalo kuna kijani kilichokolea, kilekile cha nyuma ya sanduku. Hicho ndicho cha kiwandani.

Sasa anaunganisha dirisha hili na lile lililo karibu kwa mstari mmoja mrefu, kutoka nje mpaka nyuma ya sanduku. Rangi ya Liwalo inakuja, inakuja, kisha inakatika ghafla, wima, kama imepigwa rula. Ni pale ukingo wa sanduku ulipokuwa. Kuna hata tone lililochuruzika na kugandia hapo.

"Haya, msomi," anamwambia mtunza. "Kiwandani wanapaka bodi kwanza au wanafunga masanduku kwanza?"

"Wanapaka… wanapaka kwanza."

"Kwa hiyo rangi inayokwepa sanduku imepakwa lini?"

Kijana ameinama, pua yake karibu iguse bati. Anaona kitu kingine. Ndani ya Liwalo, umezama kama mdudu kwenye asali, upo unywele mweusi wa urefu wa kidole gumba.

"Huu ni wa brashi," ananong'ona.

"Brashi za ukutani. Zilikuwa zinanyonyoka kama kuku mgonjwa. Kiwanda hupuliza, mwanangu. Mashine haina nywele."

Kazi safi ingefutika bila kuacha neno. Wangefungua masanduku, wangepaka kwa mpangilio, leo kusingekuwa na mpaka wowote wa kuonyesha. Waliharakishwa, wakalipua kazi, na kulipua kwao ndiko kulikowashtaki waliowaharakisha.

Mtunza anapiga picha kumi na nne, rula ikiwa pembeni. Kisha anachukua kalamu, anatandika kadi juu ya bati la kifaru, anaandika, huku Bi Msasa akisoma juu ya bega lake kama mwalimu wa mtihani: "Rangi hii ilichanganywa na kupakwa kwa mkono katika karakana, kwa siku tisa, na wapaka rangi raia saba."

"Majina," anasema Bi Msasa.

"Mama, kadi ni ndogo."

"Andika kwa herufi ndogo. Wale wenye majina makubwa wameshapata mawe yao ya kumbukumbu."

Ngazi anayataja, moja baada ya jingine, anavuta pumzi kati ya kila jina. Marehemu wawili anawataja kwanza. Kijana anaandika yote saba na kutia saini. Muhuri unaletwa kutoka ofisini, unapigwa hapohapo, juu ya chuma.

*

Kifaru cha plastiki sasa kiko ukumbini, ndani ya kioo, kimevaa Liwalo yake, na kadi iko mbele. Nakala ya kadi, picha kumi na nne na barua ya mtunza vilipelekwa ofisi ya ustawi na Bi Msasa mwenyewe. Karani alimwomba kidole. Bi Msasa akamwekea bahasha.

Siku kumi na nane baadaye likaja jibu. Ngazi anaitwa hospitalini Alhamisi, saa nne asubuhi, kupimwa kifua kwa ajili ya kadi. Kuhusu wengine, barua inasema "suala lao litaangaliwa kwa wakati wake".

Ngazi anayo mipango. Akipata kadi, na dawa ya kweli, anataka arudi kufundisha vijana wa gereji kupaka, nusu siku tu, tena kwa barakoa. "Asiye na barakoa simfundishi hata kushika kopo," anasema. "Nami naweza kuishi miaka kumi tena, kwa ubishi peke yake."

Bi Msasa ameisoma barua hiyo mara nyingi, hasa lile la wakati wake. Anaujua wakati huo. Wenzake wawili waliusubiri, ukawakuta kaburini.

Kwa hiyo jana, baada ya kumaliza mlango wa teksi, alipita nyumba kwa nyumba. Alhamisi mwenye bustani atafunga bustani, mwenye kibanda atafunga kibanda, mwenye maandazi hatakaanga. Wajane wawili wameombwa waje na vyeti vya vifo. Fundi cherehani amejitolea kumshika mkono Ngazi kwenye ngazi za hospitali.

Hawaogopi kurudishwa mlangoni?

Bi Msasa anaosha brashi zake, anazikung'uta, anazisimamisha kwenye kopo nywele zikielekea juu.

"Barua imemwita mmoja," anasema. "Haikusema aje peke yake."